MOSHI WA NDEGE NA MFUKO WA MFANYI KAZI



Katika majadiliano ya mishahara ya hivi karibuni tajiri mmoja, ambaye hatutamtaja jina hapa, alileta mezani neno jipya. Zamani alikuwa akisema mafuta yamepanda bei, au Dola imepanda, au abiria wamepungua. Safari hii alisema, "Kuna kaboni." Wajumbe wetu walitazamana. Hawakujua kaboni hiyo inagharimu kiasi gani, wala tajiri hakusema. Alisema tu kwamba ni sheria ya dunia nzima, kwamba haina budi kulipwa, na kwa hiyo nyongeza ya mishahara ingojee.

Tumeona yafaa tutumie ukurasa huu kueleza jambo hili tangu mwanzo, maana neno asilolifahamu mfanyi kazi ni fimbo mkononi mwa tajiri. Tunawaomba wanachama walisome polepole, na wale wanaojua kusoma wawasomee wenzao wakati wa chakula.

Ndege huenda kwa mafuta, na tani moja ya mafuta ya ndege ikichomwa hutoa tani 3.16 za hewa ya kaboni. Wengine watauliza, tani moja yazaa tatu namna gani? Ni kwa sababu kaboni iliyomo katika mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo ina uzito wake. Hewa hii hupanda, hukaa juu miaka mingi, na huizuia dunia kupoa. Mwaka 2019 safari za ndege baina ya nchi na nchi zilitoa yapata tani milioni 600. Ukizichukua ndege zote pamoja, za ndani na za nje ya nchi, hutoa kama asilimia 2 na nusu ya hewa yote ya kaboni itokanayo na kazi za wanadamu.

Wako watakaosema hiyo ni kidogo, na haituhusu sisi tunaofika kazini kwa miguu au kwa matatu. Chama chetu hakisemi hivyo. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi za kaskazini mpaka mifugo ikafa njiani. Kisha mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika Kenya, na maji yaliingia katika vyumba vya mabati vya watu wanaopakia mizigo na kufagia ndege hizo hizo. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba tunaandika kuitetea ndege iendelee kutoa moshi bila hesabu. Moshi sharti upunguzwe. Tunachouliza ni nani anayelipa, na kama malipo hayo yanapunguza moshi kweli.

Sheria hizi zilianza hivi. Mwaka 1997 mataifa yalikutana Kyoto, huko Japani, yakaandika mkataba juu ya hewa chafu. Moshi wa ndege ziendazo nchi za nje uliwashinda. Ndege ikitoka Nairobi kwenda Amsterdam, moshi wake uandikwe katika daftari la nani? La Kenya, la Uholanzi, au la zile nchi zote zilizopitwa angani? Wakaliacha shauri hilo kwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, liitwalo ICAO, lililozaliwa na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na ambalo makao yake yako Montreal. Shirika hilo lilikaa na shauri miaka 19. Mtu akichelewa kazini dakika 19 hukatwa mshahara; wakubwa hawa walikaa miaka 19 na hakuna aliyekatwa senti.

Watu wa Ulaya walichoka kungoja. Tangu mwaka 2005 walikuwa na soko lao la ruhusa za moshi. Soko hilo huenda hivi: Serikali zaweka kikomo cha moshi, zatoa ruhusa zinazolingana na kikomo hicho, tani moja ruhusa moja, na anayetaka kutoa moshi zaidi hununua ruhusa kwa mwenziwe aliyebakiwa nazo. Kikomo hupunguzwa mwaka hata mwaka. Kuanzia tarehe 1 Januari 2012 wakaziingiza ndege zote zinazotua au kuondoka katika viwanja vyao, ziwe za kwao au za wageni. Mashirika ya Marekani yalikwenda mahakamani yakashindwa mwezi Desemba 2011. Lakini walioshindwa mahakamani walishinda mahali pengine. China ikazikataza kampuni zake kujiunga, na Marekani ikatunga sheria Novemba 2012 ya kuzilinda za kwake. Mwezi huo huo Ulaya ikarudi nyuma, na mpaka leo soko lake hushika hasa safari za humo humo Ulaya.

Tazameni tena jinsi ruhusa zilivyogawanywa hapo mwanzo. Sehemu kubwa ilitolewa bure, na mgao ulipimwa kwa kazi ambayo kila kampuni iliifanya mwaka 2010. Aliyekuwa mkubwa akapata nyingi. Mdogo akapata chache. Ruhusa hizo za bure zilipunguzwa kwa robo mwaka 2024, zikapunguzwa kwa nusu mwaka 2025, na kuanzia 2026 zimekwisha: kila mmoja hununua.

Montreal nao, wakiona Ulaya inawatangulia, walikubaliana mwezi Oktoba 2016 juu ya mpango uitwao CORSIA. Huu ndio ule aliousema tajiri. Nao si soko la kikomo kama la Ulaya. Ni mpango wa kufidia. Kampuni yaweza kuruka ipendavyo, lakini moshi ukizidi mstari uliowekwa, hununua hati kutoka kwa mtu mwingine aliyepunguza hewa chafu mahali pengine, labda aliyelinda msitu au aliyegawa majiko yasiyokula kuni nyingi. Tani moja, hati moja. Nchi zilijiunga kwa hiari: 88 mwaka 2021, na 126 ilipofika 2024. Kenya ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza, pamoja na Uganda na Rwanda. China, India na Brazil hazikujitolea; zitaingia mwaka 2027 mpango utakapokuwa wa lazima. Safari huhesabiwa ikiwa nchi zote mbili, ya kutoka na ya kufikia, zimo katika mpango. Safari za Nairobi na Mombasa au Kisumu hazimo kabisa. Kwa hiyo tajiri wa ndege za ndani akiwaambia habari za CORSIA, mjue anawacheza.

Sasa twende kwenye mstari wenyewe, maana hapo pana mafunzo kwa mfanyi kazi. Katika mapatano ya kwanza mstari ulikuwa wastani wa moshi wa miaka miwili, 2019 na 2020. Ikaja korona, ndege zikalala chini, moshi wa 2020 ukawa mdogo sana. Kampuni zikalia kwamba wastani utashuka mno na deni litakuwa kubwa. Basi Juni 2020 wakuu wa Montreal wakautupa mwaka 2020 na kushika 2019 peke yake. Kwa miaka mitatu, 2021 mpaka 2023, moshi haukufika mstari huo, na hakuna kampuni iliyodaiwa hata hati moja. Hatuwaonei kijicho. Lakini wanachama wanakumbuka mambo ya mwaka ule ule wa 2020 katika viwanja vyetu: mishahara iliyokatwa, likizo zisizo na malipo, barua za kuachishwa. Tajiri alipolia Montreal alisikilizwa kabla mwaka haujafika nusu. Wako ndugu zetu wanaongoja kusikilizwa hata sasa.

Mwaka 2022 mstari ulishushwa ukawa asilimia 85 ya moshi wa 2019, na huo ndio utakaotumika kutoka 2024 mpaka 2035. Deni la kwanza la kweli likaanza mwaka 2024. Ilionekana kwamba moshi wa mwaka huo ulipita mstari kwa kiasi ambacho kila kampuni imetakiwa kufidia kama asilimia 15 ya moshi wake katika njia zilizomo. Hati za miaka 2024, 2025 na 2026 sharti zikabidhiwe mwisho wa Januari 2028.

Haya, tufanye hesabu ambayo tajiri hakutaka kuifanya mbele ya wajumbe wetu. Tuseme ndege imekwenda safari ndefu ya Ulaya ikachoma tani 40 za mafuta. Zidisha kwa 3.16, unapata tani 126 na kidogo za hewa ya kaboni. Asilimia 15 yake ni tani 19. Hati zimekuwa zikiuzwa kwa bei mbalimbali, lakini tuchukue Dola 20 kwa tani. Deni la safari hiyo ni Dola 380, yaani kama Shs. 49,000/- kwa Dola ya Shs. 129/-. Ndani ya ndege mna abiria 230. Gawanya. Kila abiria ni Shs. 213/-.

Shilingi 213, ndugu! Abiria aliyelipa makumi ya maelfu kwa tiketi hatajua kama zimeongezwa. Basi mzigo huu ambao eti hauchukuliki waweza kuwekwa juu ya tiketi bila mtu kugeuza shingo. Kwa mwaka mzima na kwa ndege nyingi ni fedha nyingi, hatukatai. Lakini hata fedha nyingi zina hesabu yake, na hesabu hiyo haielekei kwenye mshahara wa mtu anayepakia mizigo usiku.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na ni lazima tuuseme. Ikiwa adhabu ya moshi ni Shs. 213/- kwa abiria, basi hiyo si adhabu ya kumfanya tajiri abadili ndege wala kupunguza safari. Ni rahisi kununua hati na kuendelea. Linganisheni na Ulaya, ambako kampuni hulipia moshi wote, si ile sehemu iliyozidi tu. Kwa Euro 70 kwa tani, bei ambayo imepitwa mara kadhaa miaka hii, ndege ile ile ingelipa zaidi ya Euro 8,800. Nao watu wa Ulaya hawakulala. Sheria yao ya mwaka 2023 iliweka tarehe 1 Julai 2026 kuwa siku ya Tume ya Ulaya kutoa taarifa kama CORSIA inafaa, na ikionekana dhaifu, ilete pendekezo la kutoza safari zinazoondoka Ulaya kwenda nchi za mbali kutoka mwaka 2027. Safari ya Amsterdam kuja Nairobi ni mojawapo. Wenye ndege za mizigo zinazokwenda kupeleka maua ya Naivasha wanalijua shauri hili vizuri zaidi kuliko wanavyosema, na wakata maua wetu yafaa walijue pia.

Kuna kasoro nyingine katika mpango wa Montreal ambayo magazeti hayaisemi. Ile asilimia 15 haitokani na ukuaji wa kampuni moja moja. Hutokana na ukuaji wa kampuni zote za dunia zikijumlishwa, kisha kila moja hupigwa kwa kipimo kimoja. Kwa maneno mengine, kampuni iliyopunguza safari zake tangu 2019, yenye ndege zilizokaa chini kwa kukosa vipuri, hutozwa kwa kiasi kile kile cha kampuni ya ng'ambo iliyoongeza ndege mpya kila mwezi. Ni sawa na nyumba ya kupanga ambamo mmoja anaacha taa usiku kucha, na malipo ya stima yagawanywe sawasawa kwa vyumba vyote. Kwanza ilikusudiwa kwamba kutoka 2030 kila mmoja aanze kubeba sehemu ya ukuaji wake mwenyewe, na kutoka 2033 sehemu hiyo iwe asilimia 70. Mwaka 2022 wakaigeuza: hakuna kitu mpaka 2033, na hapo ni asilimia 15 tu.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Kampuni ya Afrika ikipata uzima na kukua upesi, mpango huu wa kugawana utaisaidia, kwa kuwa ukuaji wake utabebwa na wote. Ndiyo maana hatudai uvunjwe leo. Lakini tajiri asije akatuambia kwamba tunalipia ukuaji wetu. Kwa sasa twalipia ukuaji wa wengine.

Tena mstari wenyewe umechorwa juu ya anga la 2019, wakati wenye ndege nyingi walikuwa wamekwisha kujaza anga. Hesabu moja ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kwamba nusu ya moshi wa ndege za abiria hutokana na asilimia 1 tu ya watu wa dunia. Wengi wa wale wanaozifagia ndege zetu hawajapata kukaa katika viti vyake. Jambo hili la wengine kubeba mzigo si geni katika uwanja wetu; wazee wanajua uwanja wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958 ulichimbwa na mikono ya nani wakati wa Hali ya Hatari, na wafungwa wale hawakuchimba ili wasafiri.

Na hizo hati zatoka wapi? Nyingine hutoka kwetu. Katika Taita Taveta, msitu wa Kasigau ulianza kutoa hati za namna hii mwaka 2011, na mwaka huo huo Kenya Airways ilianzisha mpango wa abiria kujilipia kwa hiari fidia ya moshi wa safari yao. Kule Gazi, katika Kwale, wanakijiji hulinda mikoko yao, eka zipatazo 290, na tangu 2013 huuza hati chini ya mpango uitwao Mikoko Pamoja. Ni kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, lakini fedha zake zimeonekana kwa macho katika maji na shule za Gazi na Makongeni. Hao twawasifu. Wanajua wanachouza, na fedha hufika kijijini.

Si kila hati iko hivyo. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba baadhi ya hati za misitu ziliuzwa kwa miti ambayo hakuna aliyekusudia kuikata. Hapo abiria amelipa, kampuni imesema imefidia, na moshi uko palepale angani. Kwa hiyo CORSIA imeweka sharti jema: hati haikubaliwi mpaka nchi ilikotoka iandike barua kwamba tani hizo haitazihesabu tena katika ahadi zake yenyewe chini ya mkataba wa Paris wa 2015. Mwanzoni mwa 2024 Guyana ilikuwa ya kwanza kutoa hati za namna hiyo, zaidi ya milioni 7. Serikali yetu nayo ikitoa barua hizo ijue kwamba tani iliyouzwa imekwisha kuuzwa. Baadaye tutalazimika kutafuta nyingine kwa ahadi zetu, labda kwa gharama zaidi. Sheria yetu ya mwaka 2023 yasema wenyeji wa ardhi wapate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya gharama kutolewa. Maneno hayo "baada ya gharama" yanatutia shaka. Kila mfanyi kazi aliyeahidiwa sehemu ya faida anajua gharama huweza kunenepa kiasi gani.

Juu ya mafuta mapya tuseme kidogo. Ulaya imeagiza tangu 2025 kwamba asilimia 2 ya mafuta yanayotiwa ndege katika viwanja vyake yasiwe ya petroli, na mwaka 2030 iwe asilimia 6. Mei 2023 Kenya Airways ilipeleka ndege Amsterdam ikiwa na mafuta ya namna hiyo yamechanganywa na ya kawaida. Makueni kuna kinu cha kukamua mbarika, na mafuta yake hupelekwa Italia kusafishwa. Yaani mbegu ni yetu, shamba ni letu, kinu kikubwa na mishahara yake ni ya Italia. Hadithi hii tuliisikia katika kahawa.

Serikali yetu imo pia, pamoja na Ufaransa na Barbados, katika kundi linalotaka kodi itozwe abiria wa viti vya fahari na wenye ndege zao binafsi. Hili tunaliunga mkono. Ni mara chache tunapata nafasi ya kuiunga mkono Serikali katika jambo la kodi, basi isipotee.

Kwa waajiri, haya ndiyo tunayotaka. Kila kampuni inayotaja kaboni katika majadiliano ilete taarifa ile ile inayoipelekea mamlaka ya usafiri wa anga kila mwaka: tani ngapi katika njia zilizomo, hati ngapi zimenunuliwa, kwa bei gani, na kiasi gani kimeongezwa katika tiketi. Kampuni iliyokwisha kumtoza abiria isithubutu kumtoza mfanyi kazi kwa deni lile lile. Na kama njia itafungwa au ndege kuuzwa kwa sababu ya sheria hizi, chama kiarifiwe kabla, si siku barua zinapogawanywa. Mafundi wafundishwe mitambo mipya kwa gharama ya kampuni, na watu wa ardhini wapewe kazi nyingine pale pale uwanjani kabla ya kuajiri wageni.

Makatibu wa matawi wote waandike barua ya kudai taarifa hiyo kabla ya kikao kijacho cha majadiliano, na nakala ije ofisini kwetu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Tajiri atakayekataa kutoa hesabu, wajumbe wasikubali neno kaboni liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Hesabu ya Shs. 213/- iliyo juu ikatwe ibandikwe katika ubao wa matangazo, na tawi ambalo halijapata nakala za kutosha za karatasi hii lituarifu kabla ya siku ya michango.